Gitaa Linalovuma, na Jinsi ya Kulituliza

Walimu wa kwaya wawili watatu wametuuliza habari ya gitaa la umeme linalovuma, nasi tumeona afadhali kuwajibu wote hapa kuliko kumjibu kila mmoja peke yake. Wenye chombo hicho wajua twasema nini. Gitaa limelazwa juu ya kiti, hakuna mkono ulioshika nyuzi, lakini spika yanguruma kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Mpigaji akipiga, mvumo hufunikwa na wimbo. Akinyamaza ili watu waombe, ndipo mvumo nao hupata nafasi yake, ukasikiwa na kila mtu hata aliyeketi mlangoni.

Lugha yetu imelipatia jambo hili jina zuri. Uvumi ni sauti ya chini ambayo mtu haoni itokako. Tena uvumi ni habari isiyo na mwenyewe. Na mengi yanayosemwa juu ya mvumo wa gitaa ni uvumi kwa maana ile ya pili. Huyu husema, ni gitaa la bei rahisi, hilo ndilo tabia yake. Yule husema, ni umeme wa TANESCO. Wa tatu husema, kata ule waya wa ethi, mvumo utakwisha. Wawili wa kwanza hawana madhara makubwa. Huyu wa tatu ndiye aliyetufanya tushike kalamu, kwa maana shauri lake laweza kumwua mtu akiwa katikati ya wimbo.

Mambo yalianza hivi. Kijana mmoja wa kwaya ya jirani alitujia jioni, gitaa limo mfukoni mwake mgongoni. Akabisha hodi, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukamwitikia, tukamkaribisha. Hata alipokwisha kunywa chai akatueleza shida yake. Gitaa alilinunua Kariakoo, limekwisha tumika, kwa fedha aliyodunduliza mwaka mzima. Ni la umbo lile la Stratocaster, lenye pikapu tatu, ingawa halikutoka kwa Fender. Wazee wa kwaya walikuwa wamemwambia ya kwamba likivuma tena Jumapili, litawekwa stoo, na kinanda kitapigwa peke yake. "Mwalimu," akasema, "nimebadilisha nyuzi, nimebadilisha kebo, bado."

Tukamwambia ya kwamba gitaa la umeme ni nusu tu ya chombo. Nusu ya pili ni amplifaya, na ya tatu, kama hesabu ikituruhusu, ni ukuta ule lilikochomekwa. Basi kesho yake tukaenda naye ukumbini.

Wanaoijua Goba ya zamani waikumbuka kuwa ni vilima na mashamba. Sasa ni nyumba kwa nyumba, toka upande wa Mbezi hata kuelekea Makongo na Madale. Tena sisi ambao zamani tulihesabiwa katika Kinondoni, sasa tu watu wa Ubungo. Majengo yameota upesi, kila jengo na fundi wake, wala si kila fundi aliyechimbia ile fimbo ya shaba ardhini inayoitwa ethi. Mtu aweza kuona soketi nzuri yenye matundu matatu ukutani, na lile tundu la juu, lililo la ethi, halikuunganishwa na kitu cho chote. Ni kama kisima kilichojengewa ukingo bila kuchimbwa.

Tulipoingia ukumbini hatukuligusa gitaa. Tulitazama kwanza plagi ya amplifaya. Ilikuwa ya pini mbili, na juu yake, katika tundu la tatu la soketi, kimeingizwa kijiti. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa. Nyumba zetu zimejaa vijiti, vifuniko vya kalamu na njiti za kiberiti zilizofanya kazi hiyo. Soketi zetu ni za namna ya Kiingereza, nazo zina vizuizi ndani ambavyo hufunguliwa na ile pini ndefu ya ethi. Pasipo pini hiyo, mtu hutafuta kijiti.

Tukamwuliza, "Amplifaya hii ilinunuliwa na plagi hii?"

Akasema, "La, Mwalimu. Ilikuwa na pini tatu. Fundi mmoja aliikata, akasema ethi ndiyo iletayo mvumo. Na kweli, siku ile ulipungua."

Tukamwuliza tena, "Je, ukiimba huku umeshika gitaa, kipaza sauti hakikufanyi neno?"

Akacheka. "Hunitekenya midomo. Nimezoea."

Hapo tukaizima swichi ya ukutani, tukachomoa plagi, tukamwambia hakuna atakayepiga wala kuimba mpaka fundi umeme mwenye mita amekuja. Akatutazama kwa huzuni kidogo, maana alikuja kutafuta dawa ya gitaa, naye tumemzimia ukumbi mzima.

Tueleze kwa nini. Ndani ya kila gitaa la umeme upo waya mmoja ulioungwa na daraja la nyuzi, ukaenda mpaka upande wa chini wa tundu la kebo, na kwa njia ya kebo ukafika kwenye sanduku la chuma la amplifaya. Kwa hiyo mpigaji akishika nyuzi, ameshika amplifaya. Maadamu sanduku lile limefungwa na ethi ya kweli, hakuna hofu: umeme ukitoroka ndani na kugusa chuma, hukimbilia ardhini kwa njia iliyo rahisi, na fyuzi au breka hukata. Ethi ikiondolewa, umeme ule hauna njia, nao hungoja. Hungoja mtu aliyeshika nyuzi kwa mkono mmoja, kisha akaigusa kwa midomo maiki iliyofungwa na ethi kwa njia ya mashine nyingine. Hapo njia imepatikana, nayo hupita kifuani.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Scotland wa kundi la Stone the Crows, aliuawa jukwaani huko Swansea, tarehe 3 Mei 1972, alipoigusa maiki ambayo haikuwa na ethi. Alikuwa na umri wa miaka 27. Miaka minne baadaye, mwezi Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake kwa umeme alipokuwa akipiga gitaa. Walikuwa watu wa kazi hiyo, katika nchi yenye mafundi wengi.

Fundi umeme alipokuja aliiwasha amplifaya bila mtu kuigusa, akaweka ncha moja ya mita kwenye chuma chake na ya pili kwenye kichwa cha maiki. Mita ikasoma zaidi ya volti 100. Alitueleza ya kwamba umeme huu ni wa kuvuja tu, una volti nyingi lakini nguvu chache, ndiyo maana ulitekenya badala ya kuua. Lakini siku waya mmoja utakapochubuka ndani, hautakuwa wa kuvuja tena, utakuwa ni zile 230 zote za ukutani. Kisha akazifungua soketi. Ile ya upande wa kinanda ilikuwa na ethi nzuri. Ile ya upande wa gitaa ilikuwa na waya wa kijani uliokatwa na kukunjwa nyuma ya soketi, haukuungwa. Akauunga, akapima fimbo ya nje, akaturudishia plagi ya pini tatu yenye fyuzi yake. Akawashauri wazee kuweka pia breka ile inayokata umeme uvujao ukifika miliampia 30. Wazee, ambao walikuwa wamekuja kusikiliza habari ya gitaa, walisikiliza hili kwa makini sana, na mmoja akauliza kama chumba cha watoto nacho kimepimwa.

Sasa msomaji atauliza: kama ethi ni njema, kwa nini mvumo ulipungua fundi yule alipoikata? Swali ni la haki. Amplifaya ilikuwa imeungwa kwa kebo na ile mashine ya kuchanganya sauti iliyo upande wa pili wa ukumbi. Siku hizo amplifaya ilipata ethi kwa waya mrefu wa kuazima uliotoka chumba kingine. Mashine ya sauti ilipata ethi yake kutoka soketi ya kinanda. Basi zilikuwa njia mbili za kwenda ardhini, nazo zimeunganishwa kwa kebo, zikafanya mviringo mkubwa mmoja kuzunguka ukumbi wote. Na mviringo wa waya hunasa umeme wa nyumba kama wavu unasavyo dagaa. Ukikata ethi moja mviringo huvunjika, na mvumo hupungua. Umeutuliza mvumo kwa kuondoa kizuizi cha mauti. Dawa halali ni rahisi kuliko hiyo. Amplifaya, kinanda na mashine ya sauti vyote vichomekwe mahali pamoja, katika kamba moja ya soketi iliyo na ethi, iliyotoka ukuta mmoja. Na kama mvumo wa namna hiyo bado upo, viko visanduku vidogo vinavyowekwa kati ya gitaa na mashine ya sauti, vyenye swichi ya kutenga ethi ya kebo ya sauti tu. Ethi ya plagi ya ukutani haiguswi kamwe.

Yote hayo yakiisha, tukalichukua gitaa.

Kabla ya kulifungua, lazima liulizwe maswali, nalo hujibu vizuri kuliko watu wengi. Swali la kwanza: chomoa kebo katika amplifaya. Kama bado yavuma, ugonjwa ni wa amplifaya yenyewe, wala gitaa halina hatia. Mpelekee fundi wa redio, wala usiifungue mwenyewe, hasa ikiwa ni ya zile taa za kioo za kizamani, maana ndani yake hukaa umeme mkali hata baada ya kuzimwa. Yetu ilinyamaza. Swali la pili: rudisha kebo, ukipunguze kifundo cha sauti cha gitaa mpaka mwisho. Mvumo ukipotea, watoka katika pikapu au nyaya zilizo kabla ya kifundo hicho. Yetu ulipotea. Swali la tatu: fungua sauti tena, uziguse nyuzi kwa kiganja. Katika gitaa zima, mlio ule mkali hupungua mara, kwa sababu mwili wa mpigaji nao hunasa umeme wa hewani na kuupuliza kwenye pikapu, na akishika nyuzi mwili huo hutulizwa. Gitaa la kijana wetu halikujibu neno. Aliposhika nyuzi, mlio ulikuwa ule ule. Lakini alipokishika kichwa cha chuma cha kebo, pale kinapoingia katika gitaa, mlio ulianguka nusu yake.

Hapo ugonjwa ulikuwa umejitaja jina. Kichwa cha kebo kimeungwa na ethi, nyuzi hazijaungwa. Kwa hiyo ule waya wa daraja umekatika. (Na kama mlio ungaliongezeka aliposhika nyuzi, tungalishuku nyaya mbili za tundu la kebo zimebadilishana mahali, twapata hilo mara nyingi katika magitaa yaliyopita mikononi mwa fundi wa haraka.)

Tukaligeuza, tukafungua kifuniko cha nyuma. Mle ndani zimo springi zinazolivuta daraja, nazo zimeshikwa na kipande cha chuma kilichokazwa kwa skrubu mbili. Waya mweusi ulikuwa umelala kando, na ncha yake ina donge la risasi lililobanduka. Aliyeuchomea mara ya kwanza hakukikwangua chuma, akamwaga risasi juu ya kutu na mafuta. Risasi ikakaa kama asali juu ya jiwe, siku moja ikabanduka. Kazi hii yataka chuma cha kuchomea chenye moto wa kutosha, kwa sababu kipande kile ni kinene na hunywa joto. Tulikikwangua kwa tupa mpaka kikang'aa, tukakipasha moto kwanza chenyewe, ndipo tukaigusisha risasi, ikayeyuka na kutandaa. Dalili ya kazi njema ni hiyo: risasi itandae, isisimame kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Kijana akashika nyuzi. Mlio mkali ukakatika.

Lakini bado si kimya. Alipoondoa mikono, mlio ukarudi. Na hata aliposhika nyuzi, ulibaki mvumo mwingine, mzito, wa chini. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa hudhani mvumo ni mmoja. Nao ni ndugu wawili wasiofanana. Yule mkali, wa kama nzi ndani ya chupa, huingia kwa nyaya zilizo wazi, kutoka taa za mirija, taa hizi mpya za bei rahisi, chaja za simu, na vile vifundo vya kupunguza mwanga. Huyu huzuiwa kwa ngao. Yule mzito ni nguvu ya sumaku itokayo katika nyaya za ukutani na katika transfoma zilizo ndani ya mashine, naye haijali ngao ya karatasi ya shaba, hupita kama mwanga upitavyo kioo.

Tukaanza na yule wa kwanza. Kariakoo, kwa wauzaji wa vipuli vya redio, tulipata utepe wa shaba wenye gundi. Tuliondoa nyuzi, tukafungua ile sahani ya plastiki iliyobeba pikapu, tukatandika shaba ndani ya shimo lote la mbao, na nyuma ya sahani pia, ili vikifungwa pamoja viwe kisanduku cha shaba. Mambo matatu twayasisitiza. Gundi ya utepe mara nyingi haipitishi umeme, kwa hiyo kila kipande kiungwe na mwenzake kwa tone la risasi, kisha kipimwe kwa mita. Karatasi ya fedha ya jikoni isitumiwe kama una njia nyingine, maana risasi haishiki juu yake. Na jambo la tatu: nyaya zibebazo sauti, katika swichi na katika tundu la kebo, zisiguse shaba hata kidogo, la sivyo gitaa litakuwa bubu kabisa, tulibandika utepe wa plastiki mahali hapo. Kisha kisanduku chote kikaungwa na ethi kwa waya mmoja. Kazi ilichukua jioni mbili, kwa sababu umeme ulikatika katikati ya jioni ya kwanza.

Sasa hata mikono ikiwa mbali na nyuzi, nzi hakusikika. Alibaki ndugu yake.

Ili kumfahamu huyu yafaa kujua pikapu ni nini. (Si lile gari la mizigo, ingawa jina ni lile lile.) Ni sumaku ndogo sita, moja chini ya kila uzi, na kuzizunguka umefungwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko yapata elfu saba au nane. Uzi wa chuma ukitikisika, nguvu ya sumaku hutikisika pamoja nao, na katika waya ule huzaliwa mkondo mdogo wa umeme, ambao amplifaya huukuza. Hila hii ilitengenezwa mwaka 1931 huko Los Angeles na George Beauchamp, aliyeshirikiana na Adolph Rickenbacker, kwa kuwa gitaa lilikuwa likizamishwa na tarumbeta katika bendi za siku zile. Bila hila hiyo tusingalikuwa na magitaa yale ya NUTA Jazz, wala ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, wala ya DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, ambamo solo, rizimu na besi husemezana kama watu wa nyumba moja.

Lakini koili haichagui. Kwake mtikisiko wa uzi na mtikisiko wa umeme wa ukutani ni sawa. Umeme wetu hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na koili huusikia. Walimu wenye sikio watapenda kujua ya kwamba mvumo huu una sauti yake katika ngazi. Mitikisiko 50 iko juu kidogo ya ile G ya chini sana, ambayo ni 49. Na mwenzake wa 100, ambaye mara nyingi ndiye asikikaye zaidi, yuko juu kidogo ya G ifuatayo, yenye 98. Basi wimbo ukiwa katika G, mvumo hukaa karibu na do yenyewe, ila umepanda kama theluthi moja ya nusu-sauti. Ndiyo sababu wazee wale walisema gitaa laharibu sauti za besi. Masikio yao yalikuwa sahihi, ingawa hawakujua hesabu yake. Huko Marekani, ambako umeme hugeuka mara 60, mvumo huangukia mahali pengine.

Dawa ya kweli ya ndugu huyu ilipatikana katika kiwanda cha Gibson. Mwaka 1955 fundi wao Seth Lover aliomba hati ya hila yake, akapewa mwaka 1959. Alichukua koili mbili badala ya moja, akaziweka ubavu kwa ubavu, moja ameigeuza mwelekeo wa waya wake. Mvumo wa ukutani huingia katika zote mbili kwa wakati mmoja. Lakini kwa kuwa moja imegeuzwa, hii husukuma pale ile inapovuta, kama watu wawili wenye nguvu sawa walio pande mbili za mlango mmoja, na mlango hauendi po pote. Je, sauti ya uzi haitapotea vile vile? Haipotei, maana aligeuza na sumaku pia. Sauti ya uzi iligeuzwa mara mbili, kwa waya na kwa sumaku, ikarudi kuwa sawa; hivyo koili zote mbili huisukuma upande mmoja. Pikapu hizo wapigaji huziita hambaka.

Kijana aliposikia haya macho yake yalimeta, akataka kesho aende Kariakoo akanunue hambaka. Tukamzuia kidogo. Pikapu ya koili moja ina sauti yake, safi na yenye ncha, ambayo hambaka haina. Mpigaji wa rizimu akiiacha ataikumbuka. Tena tukamwonyesha jambo lililokuwamo ndani ya gitaa lake siku zote. Swichi yake ina nafasi tano. Katika ya pili na ya nne hulia pikapu mbili pamoja, na katika magitaa mengi ya umbo hili yaliyotengenezwa siku hizi, pikapu ya kati imegeuzwa waya na sumaku makusudi. Akasogeza swichi mpaka nafasi ya nne, mvumo ukazimika kama mshumaa. Akairudisha katika ya tano, ukaja. Akafanya hivyo mara kumi, kama mtoto na taa ya sebuleni.

Na kwa zile nyimbo zinazotaka pikapu moja tu, iko njia isiyogharimu hata senti. Koili hunasa sana ikielekea upande mmoja wa nguvu ya sumaku, na hunasa kidogo mno ikielekea upande mwingine. Mpigaji na asimame mbali na amplifaya hatua tatu nne, ageuke polepole kama sindano ya dira, na kusikiliza. Patakuwapo pembe ambapo mvumo hufifia karibu kuisha. Tulifanya hivyo ukumbini Jumamosi mchana, wazee wawili wakiwa wameketi mbele. Kijana aligeuka, akageuka, akasimama ameelekea dirisha la upande wa mashariki. Mzee mmoja akasema, "Hapo hapo, usiondoke." Mama wa kwaya akaleta chaki, akaizungushia miguu yake alama sakafuni.

Jumapili tulikuwapo. Gitaa lilipiga, likanyamaza, na katika kunyamaza kwake tukasikia feni. Alama ya chaki ilifagiliwa Jumatatu na mfagiaji asiyejua kazi yake. Sasa wameipaka rangi.